Laini Iliyofichwa Mkebeni

Mama yake Waziri alikuwa fundi wa makochi, na kazi yake aliifanya kinywa kikiwa kimejaa misumari. Ilikuwa misumari midogo yenye vichwa bapa. Aliibana midomoni kumi kumi, akawa anausukuma mmoja mmoja nje kwa ulimi, anaudaka kwa vidole, kisha anaupigilia kwenye mbao ya kochi kwa nyundo nyepesi. Mtu mwenye misumari kinywani haongei. Kwa hiyo simu ilipolia, aliyeipokea alikuwa binti yake wa darasa la sita.

“Fundi Makochi hapa, karibu!” Binti alisema hivyo kila mara, kwa sauti ya kujikweza kidogo. Kisha alimtazama mama. Mama akiinua vidole viwili, kochi litakuwa tayari baada ya wiki mbili. Akikunja ngumi, bei haipungui hata shilingi. Wateja wengi waliamini wanazungumza na fundi mwenyewe, na binti hakuona haja ya kuwasahihisha. Majirani walimbandika jina la Waziri wa Mawasiliano, halafu wakachoshwa na urefu wake, wakabaki na Waziri.

Mdogo wake wa miaka sita naye alikuwa na cheo. Aliitwa Profesa, kwa kuwa kila kitu alikisogeza hadi puani ndipo akitazame: kijiko, kiatu, hata uso wa mtu. Utani huo ulianza kabla watu wa nyumbani hawajajua kinachomsumbua. Walipojua, jina lilikuwa limeshaganda. Kwenye zahanati waliambiwa ni mtoto wa jicho, yaani ukungu unaotanda ndani ya jicho na kuzuia mwanga. Jicho la kulia lilikuwa limezibika kabisa, na la kushoto lilikuwa njiani.

“Huyu afanyiwe upasuaji mapema,” tabibu alimwambia mama. “Jicho la mtoto likikaa gizani muda mrefu husahau kazi yake. Hata ukilifungua baadaye, haliwi tena jicho la kutegemewa.”

Daktari bingwa wa macho alifika kwenye hospitali kubwa ya mji mara moja tu kwa mwaka, akakaa siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Mwaka huu jina la Profesa lilikuwa kwenye orodha. Hospitali ingepiga simu kumwambia mama amlete siku gani, na namba iliyoandikwa kwenye faili ilikuwa ya simu ya mama. Wiki ya daktari ilikuwa inaanza Jumatatu inayofuata.

Ijumaa hiyo alasiri, Waziri alikuwa amerudi kutoka shule na kukaa juu ya rundo la sponji, anakunywa uji. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi kubwa lililotolewa nguo zake zote, springi zikichungulia nje. Ujumbe ukaingia kwenye simu. Waziri akausoma kwa sauti.

“Mpendwa mteja, kuanzia tarehe mosi tumeboresha viwango vyetu vya kupiga simu.”

Mama aliacha kugonga. Akatoa misumari kinywani, mmoja baada ya mwingine, akaipanga kwenye kiganja. Alifanya hivyo pale tu jambo lilipokuwa zito.

“Wameboresha, maana yake wamepandisha?”

“Wamepandisha, mama. Karibu mara mbili.”

“Na mwaka huu ni mara ya pili! Nikizungumza na baba yenu dakika tano, nimekula hela ya pakiti nzima ya misumari.” Baba yao alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, na sauti yake ilikaa nyumbani kuliko yeye mwenyewe. “Halafu wananiita mpendwa. Hawa wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Basi, tunahama.”

“Tununue laini mpya?”

“Namba isiguswe!” mama alisema haraka. “Namba iko kwenye faili la mdogo wako. Nasikia siku hizi mtu anahamia kampuni nyingine na namba yake ile ile. Kesho tutamuuliza yule dada wa kibandani.”

Dada wa kibandani alikuwa wakala wa kampuni nyingine. Kibanda chake cha mbao kilikuwa na kioo mbele, vocha zikiwa zimebanwa nyuma ya kioo, na kijimashine cha kuchukulia alama za vidole. Alimpokea mama kwa furaha, akachukua kitambulisho, akamwambia aweke kidole gumba. Kidole cha mama kilikuwa na sugu za nyundo, mashine ikakikataa mara nne, ya tano ikakubali, akapewa laini mpya.

“Simu yangu haitakatika?” mama aliuliza. “Wiki ijayo nasubiri simu ya hospitali.”

“Haikatiki, mama. Laini yako ya sasa itafanya kazi mpaka dakika ile hii mpya itakapowaka. Baada ya siku moja utaletewa ujumbe kwamba umehama, ndipo ubadilishe. Usiitoe ya zamani kabla ya hapo.”

Wakati huo Profesa alikuwa ameanza kupapasa ukingo wa mtaro uliokuwa pembeni ya kibanda. Mama akaenda kumshika mkono. Dada akamgeukia Waziri.

“Na wewe unayepokea simu, sikiliza. Kampuni yenu itapiga kuwabembeleza msihame. Watawapa zawadi. Mkiikubali tu, maombi haya yanafutika. Umeelewa?”

“Ndiyo, ndiyo,” alisema Waziri. Macho yake yalikuwa kwenye simu mpya zilizopangwa nyuma ya kioo, na maneno ya dada yalimpita juu juu. Ni nani angemfundisha yeye kazi ya simu?

Jumapili mchana mama alikwenda kupima viti vya mteja mtaa wa pili, akaenda na Profesa. Simu ilibaki nyumbani ikichaji. Saa nane ikalia.

“Fundi Makochi hapa, karibu!”

“Habari za mchana,” ilisema sauti tamu ya kike. “Nakupigia kutoka kampuni yako ya simu. Je, naongea na mwenye namba?”

Waziri alisita kidogo tu. Swali kama hilo alikuwa akilijibu kila siku. “Ndiye mimi.”

“Tumeona unataka kutuacha, na imetuuma sana. Tumekuandalia zawadi. Dakika mia tano, na intaneti ya kutosha mwezi mzima. Utaipokea?”

Intaneti ya mwezi mzima! Kila wakati wa mapumziko shuleni, wenzake waliketi chini ya dirisha la darasa wakisimuliana tamthilia ya mabinti wawili waliobadilishwa wakiwa wachanga, naye Waziri alikuwa akicheka wanapocheka bila kujua wanachokicheka. Akajiambia kwamba zawadi ni zawadi. Wataila, halafu watahama kama kawaida. Hata mama atamsifu kwa ujanja.

“Nitaipokea,” alisema.

Haikupita dakika moja, ujumbe ukaingia: “Hongera! Umeamua kubaki nasi. Ombi lako la kuhama limefutwa. Utaweza kuomba tena baada ya siku thelathini.”

Waziri aliusoma mara tatu. Sasa ndipo sauti ya dada wa kibandani ilipomrudia, neno kwa neno, kana kwamba anaambiwa upya. Akaufuta ujumbe. Kisha, kwa kuwa intaneti ilikuwepo na hakujua afanye nini kingine, akaenda kujifungia chooni akatazama sehemu mbili za ile tamthilia. Hakuielewa hata kidogo, maana kila baada ya muda alikuwa akisimamisha kusikiliza kama mama amerudi.

“Tumehama?” mama aliuliza jioni.

“Bado.”

Jumatatu asubuhi, akiwa anafunga vifungo vya sare, akaulizwa tena. “Bado, mama.” Aliporudi kutoka shule alimkuta mama amefunga kanga kiunoni, na hiyo ilikuwa dalili ya vita.

“Nakwenda kibandani,” mama alisema. “Dada alisema siku moja. Mimi nimeweka kidole mara tano pale, anieleze kuna nini.”

Mama akifika kibandani, dada atatazama kwenye mashine yake, ataona maombi yamefutwa, ataeleza yanafutwaje. Zilikuwa hatua mia mbili tu hadi kule.

“Imehama!” Neno lilimtoka lenyewe. “Ujumbe umeingia sasa hivi, mama. Nilikuwa ndiyo nakuja kukwambia.”

“Sasa si useme!” Mama akafungua kanga, akacheka. “Haya Waziri, badilisha hiyo laini.”

Waziri alikwenda ndani. Alitoa laini ya zamani, akaweka mpya iliyokuwa bado imelala, na ile ya zamani akaificha ndani ya mkebe wake wa hisabati, chini ya rula na bikari. Simu ilipowaka, alama za mtandao hazikutokea.

“Dada alisema alama za mtandao mpya huchukua siku mbili tatu kutokea, lakini simu zinaingia,” alimwambia mama. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kwa urahisi zaidi kuliko wa kwanza.

Tangu hapo simu ilinyamaza. Jumanne haikulia hata mara moja. Mama, ambaye siku nyingine zote hakuigusa, sasa aliitia kwenye mfuko wa mbele wa aproni yake. Kila baada ya misumari kumi aliichomoa, akakitazama kioo, akairudisha. Usiku aliilaza karibu na mto. Waziri alikuwa amepanga kuivizia airudishe laini ya zamani kimyakimya, lakini hakupata hata nafasi ya kuishika. Na hata angeipata, jina la kampuni ya zamani lingetokea kwenye kioo na kumsaliti.

“Kwani wateja wote wamehama mji?” mama aliuliza Jumatano. “Na hospitali nao kimya.”

“Labda zamu yetu haijafika,” alisema Waziri.

“Labda.”

Shuleni mwalimu wa sayansi alimuuliza swali, akajibu la hisabati, darasa zima likacheka. Kila alipofungua mkebe kuchukua kalamu, kijikadi kile kidogo kuliko ukucha kilikuwa pale chini kinamtazama. Siku hiyo alikaa chini ya dirisha na wenzake wanaosimulia tamthilia, na kwa mara ya kwanza alijua wanachokisema. Hakucheka.

Nyumbani Profesa alikuwa na maswali yake. Kazi yake ilikuwa kukusanya misumari iliyoanguka, kwa sumaku iliyofungwa kwenye kamba, kwa kuwa kuiona hakuweza. Aliiburuta sumaku sakafuni huku akiongea.

“Dada, wakinifungua jicho nitaona mpaka wapi?”

“Mbali.”

“Mpaka kwenye ukuta ule?”

“Zaidi ya hapo.”

“Zaidi ya ukuta?” Alisimama na sumaku yake mkononi, anajaribu kufikiria kitu kilichoko mbali kuliko ukuta. Waziri akasema ana kazi ya shule, akaondoka.

Alhamisi walitoka shule saa sita. Waziri aliingia kwenye ua akamkuta mama ameketi kwenye kigoda na Profesa amesimama kati ya magoti yake. Misumari ilikuwa kiganjani, imepangwa safu. Akajua kuna jambo zito.

“Baba,” mama alikuwa anamwambia mtoto, “daktari anaondoka kesho. Hawakutupigia. Nadhani watoto ni wengi mwaka huu. Tutasubiri mpaka mwakani, sawa?”

Waziri alitegemea kelele. Profesa alikuwa mtoto wa kulia hata akinyimwa kipande cha sponji. Lakini hakulia. Alisugua jicho la kulia kwa mgongo wa mkono.

“Sawa,” alisema. Kisha akainama, akatafuta kamba yake kwa kupapasa, akaendelea kuburuta sumaku.

Mama aliirudisha misumari kinywani, akainua nyundo. Hakugonga. Alibaki ameishika hivyo hivyo, anatazama springi za kochi, na machozi yakamteremka pande mbili za pua bila sauti.

Waziri hakuweza tena. Alifungua begi, akafungua mkebe, rula na bikari zikaanguka chini kwa kishindo. Akanyoosha kiganja chenye ile laini.

“Mama, hatukuhama. Mimi ndiye niliyeharibu. Kampuni walipiga Jumapili wakanipa zawadi ya intaneti, nikasema mimi ndiye wewe, nikaipokea. Maombi yakafutwa. Nikaogopa kukwambia. Nikatoa laini inayofanya kazi nikaweka iliyokufa. Simu haipatikani tangu Jumatatu, mama. Hospitali hawawezi kutupata.”

Mama alimtazama. Kinywa kilikuwa kimejaa misumari, na kwa muda mrefu hakuitoa. Halafu akaitema yote kwa mkupuo mmoja, ikatawanyika sakafuni, kitu ambacho Waziri hakuwahi kukiona tangu azaliwe.

“Iweke,” mama alisema kwa sauti ya chini. “Iweke sasa hivi.”

Aliiweka. Walisimama wote wawili wameinamia kioo. Mtandao ukapanda, kisha taarifa zikaanza kuingia moja juu ya nyingine: wateja, baba, wateja tena. Katikati yake kulikuwa na namba ya mezani ya hospitali. Ilipiga Jumatatu saa kumi. Ilipiga Jumanne saa nne. Ilipiga Jumatano saa tatu asubuhi. Leo haikupiga.

Mama alivua aproni, akamnyanyua Profesa mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa, akatoka mbio. Lile kochi liliachwa wazi uani, na Waziri alikimbia nyuma yao akiwa bado na sare.

Wodi ya macho ilikuwa mwisho wa korido ndefu iliyonuka dawa ya kusafishia. Kwenye meza alikuwepo muuguzi mnene mwenye miwani iliyoning’inia kifuani, daftari kubwa mbele yake, penseli sikioni. Alipotajiwa jina, alibandika miwani puani, akalifuata kwenye daftari kwa kidole.

“Huyu tumempigia,” alisema. “Angalia mwenyewe.” Mbele ya jina la Profesa kulikuwa na alama tatu za penseli, na pembeni yake neno moja: hapatikani. Kisha mstari ulikuwa umepitishwa juu ya jina lote. “Tunapiga mara tatu, mama, siku tatu. Asipopatikana, nafasi inakwenda kwa mwingine. Orodha ya kesho imejaa.”

“Sista, nakuomba,” mama alisema, akihema. “Tulikuwa tunabadilisha laini, mtandao ukawa…”

“Mtandao!” Muuguzi alivua miwani ambayo hata hakuwa ameivaa vizuri. “Kila mwaka mtandao. Mtandao ungekuwa mtu, ningekuwa nimeshampeleka polisi.”

Waziri aliona mama ameishiwa maneno. Aliona pia kwamba mama, hata kwa hasira aliyokuwa nayo, alikuwa tayari kuubebesha mtandao lawama ili binti yake asiaibike mbele ya watu. Hilo lilimuuma kuliko kofi.

“Shikamoo, sista,” alisema. “Si mtandao. Ni mimi.”

Akaeleza yote, pale pale mezani, mbele ya wazazi wengine waliokaa kwenye mabenchi na watoto wao waliofungwa bandeji. Hakupunguza. Hata ile tamthilia aliitaja. Mzee mmoja aliguna. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaichukua ile penseli sikioni, akawa anaigeuza geuza.

“Mtoto amekula?” alimuuliza mama.

“Asubuhi tu.”

“Ana homa? Anakohoa?”

“Hapana, sista.”

Muuguzi alishusha pumzi. “Saa moja iliyopita mtoto mmoja wa kesho amekutwa na homa. Mwenye homa hatumpi dawa ya usingizi. Wawili wa akiba nimewapigia, wanakaa mbali, hawawezi kufika leo. Na mtoto ni lazima alale hapa leo, apimwe. Nilikuwa naenda kumwambia daktari nafasi ile ibaki wazi.” Alisimama. “Kaeni hapo. Siahidi kitu.”

Walikaa. Mama alimpakata Profesa, akawa anatikisa goti bila kujua. Waziri aliusoma ubao wa matangazo wa mbele yao mara kumi, na hakukumbuka hata neno moja. Muuguzi aliporudi, hakutabasamu. Alifungua daftari, akaandika jina la Profesa upya chini kabisa ya orodha ya kesho.

“Wewe binti,” alisema akiwa bado anaandika. “Ungesema kesho badala ya leo, nisingekuwa na la kufanya. Unalijua hilo?”

“Nalijua, sista.”

“Haya. Mama, lete huyo mtoto tumpime.”

Ijumaa saa nne Profesa aliingizwa chumba cha upasuaji, amevaa gauni la kijani lililomburuta, akilalamika kwamba ana njaa. Mlango ukafungwa. Mama na Waziri walibaki kwenye benchi. Tangu jana mama hakuwa amemwambia neno zaidi ya kaa, simama, shika hiki. Sasa akageuka.

“Unadhani nina hasira ya nini?”

“Ya zawadi,” Waziri alinong’ona. “Na kwamba tutalipa bei yao mwezi mzima.”

“Bei nitailipa. Hata mteja mmoja wa viti sita alinikosa simuni, akaenda kwa fundi mwingine; Mungu ataleta mwingine.” Mama alisugua sugu za kidole chake. “Sikiliza, mwanangu. Kuipokea ile zawadi kulikuwa kosa la dakika moja. Ungeniambia Jumapili jioni, ningekugombeza mpaka majirani wachungulie. Ningekuita majina yote. Kisha tungekula, tungelala, na laini ingekuwa ndani ya simu. Jumatatu saa kumi hospitali wangenipata. Kosa lako lote lingetugharimu kelele zangu tu. Lakini ulilifunika kwa uongo, uongo ukautafutia mwenzake, ukaenda nao siku nne. Hizo siku nne ndizo zilizotaka kuchukua jicho la mdogo wako.”

Waziri alilia. Mama hakumkataza wala hakumkumbatia. Alimwachia alie, lakini baada ya muda alisogea kidogo, mabega yao yakagusana. Walikaa hivyo mpaka mlango ulipofunguliwa, na hata hapo daktari aliwaambia tu kwamba amefanya sehemu yake, wasubiri bandeji itoke kesho.

Usiku huo hakuna aliyelala vizuri. Asubuhi ya Jumamosi muuguzi alimketisha Profesa pembeni ya kitanda, akaanza kufungua bandeji taratibu. Waziri alisimama mbali, karibu na ukuta. Hakujiona kuwa na haki ya kusogea.

Jicho lilikuwa jekundu, limevimba, linatoa machozi ya dawa. Profesa alilipepesa. Aligeuza kichwa upande huu na ule, polepole, akapita kwenye dirisha, akapita kwa mama aliyekuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, akafika ukutani. Akasimama hapo.

“Dada,” alisema. “Kumbe uko huko.”

Mama akatoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. Profesa alikunja uso, akakaza kutazama. “Dada, mbona unalia?”

Waziri angeweza kusema ni furaha. Kila mtu mle chumbani angemwamini, na mama asingempinga. Badala yake alikuja mpaka kitandani, akachuchumaa mbele ya mdogo wake.

“Nalia kwa sababu ilibaki kidogo tu usipone. Hospitali walikuita mara tatu, na mimi nilikuwa nimeificha laini ya simu. Nilifanya kosa, nikaogopa kusema. Nisamehe.”

Profesa alimtazama kwa muda mrefu, kwa umbali wa mkono mzima, bila kumsogezea pua.

“Ulimwogopa mama?”

“Ndiyo.”

“Mama mkali,” alikubali. Kisha akafikiri tena. “Lakini mimi si mkali. Ungeniambia mimi.”

Muuguzi aliacha kukunja bandeji. Mama alikuja akaketi kitandani, akamshika binti yake kidevu, akamwinua uso.

“Umesikia alivyosema mdogo wako?” aliuliza. “Katika nyumba yetu kuna watu wa kuambiwa, na si wote wana misumari kinywani. Ukikosea tena, na utakosea, kama mimi ninavyokosea, mwambie hata mmoja wetu. Lakini mwambie siku ile ile.”

“Nitasema, mama,” Waziri alisema.